Dakika Kumi za Ng'ombe

Jumanne iliyopita asubuhi simu ya mezani ilinikuta hapa chumba cha habari, chai yangu haijapoa. Aliyepiga alikuwa mwanamke, yuko Dodoma, na sauti yake sikuitambua. Akanipa shikamoo, nikaitikia, kisha akasema, "Baba ametutoka alfajiri. Yule mzee wa ramani, wa uwanja wa ndege. Aliacha neno kwamba wewe upigiwe simu." Nikasema inna lillahi, ingawa mimi si Mwislamu, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yaliyonijia mdomoni, nikauliza mazishi ni saa ngapi. Akanijibu kuwa watazika baada ya sala ya alasiri. Simu ikakatika nami nikabaki nimeishika. Ninyi mnaonisoma kila Jumapili mmenizoea nikiwasema wengine, wakubwa kwa wadogo, na wengine wenu mnanisifu kwa ulimi mkali. Leo nitajisema mwenyewe. Marehemu huyu nilimkosea, na nilimkosea hapa hapa, katika safu hii mnayoisoma.

Jina lake sitaliandika. Alikuwa Msandawe wa huko Chemba, na jina alilopewa na bibi yake lilianza kwa kidoko cha ulimi, mlio ambao sisi wengine tukiujaribu tunaonekana tunaita kuku. Hakuna herufi yake kwenye mashine za gazeti letu, na kuliandika nusu nusu ni kumkosea mara ya pili. Pale uwanjani Dodoma wote walimwita Mzee wa Uzi, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa karani. Chumba chake kilikuwa na meza, redio ya upepo, ubao mweusi, na ramani ya nchi nzima iliyobandikwa ukutani mpaka ikageuka rangi ya chai. Ukitaka kujua ndege itachukua muda gani kutoka Dodoma hadi Mwanza, au Dar es Salaam, au Mbeya, alikuwa akitoa mfukoni uzi mweusi wa kushonea viatu, aliokwisha kuupaka nta ya mshumaa usinyumbuke, anaubana kwa kidole gumba kwenye uwanja mmoja, anauvuta mpaka wa pili, halafu anaulaza juu ya rula. Dar es Salaam mpaka Dodoma uzi ulisema kilomita mia nne kasoro kidogo. Basi hapo wewe ungedhani kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. "Uzi unakupa umbali tu, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza nilipoingia mle chumbani, mwandishi kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na haraka nyingi kichwani. "Umbali na safari ni vitu viwili." Akachukua chaki akaniandikia ubaoni. Ndege ndogo, kwa uzi, saa moja na dakika ishirini. Ongeza dakika kumi za kuwasha injini na kujipanga, maana ndege haichomoki kama mshale. Ongeza kumi nyingine za kupanda na kushuka, kwa kuwa huko juu haifiki kwa kuruka ukuta. Na upepo uangaliwe: huku kwetu unavuma kutoka mashariki, kwa hiyo kuja Dodoma unasukumwa mgongoni, kurudi Dar es Salaam unapigwa usoni, na kamwe kwenda hakulingani na kurudi. Kisha akaandika mstari wa mwisho kwa herufi kubwa: NG'OMBE, DAKIKA 10. Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha dirishani. Miaka ile mifugo ya Wagogo ilikuwa ikitoka malishoni jioni na kukatiza njia ya kurukia ndege kwenda mazizini, kwa sababu ndiyo njia iliyozoewa na babu zao kabla ya uwanja kuwapo. Rubani akifika saa hizo hana budi kupita chini mara moja ili kuwatishia, azunguke, awape wachungaji muda wa kuwaswaga, ndipo atue. Na kwa kuwa gizani hakukuwa na kutua pale, mzee alikuwa akipiga hesabu kinyumenyume kila siku: jua litazama saa kumi na mbili na nusu, toa saa moja na dakika hamsini, basi ndege ya mwisho iondoke Dar es Salaam kabla ya saa kumi na dakika arobaini. Saa hiyo aliisema kwenye redio ya upepo kila siku, na marubani waliitii.

Mnaikumbuka miaka ile ya ruksa. Kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba ruksa, mabasi ya watu binafsi ruksa, magazeti ruksa. Gazeti hili nalo lilizaliwa hapo, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolipokea, tukiwa na hamu ya kumkata kila mtu aliyenuka userikali. Hapo ndipo ikaja kampuni moja ya ndege ndogo kusafirisha waheshimiwa wakati wa Bunge. Meneja wake alikuwa mtu wa tai na maneno matamu, akaninunulia soda, akalalamika kwamba wateja wake wanataka kumaliza shughuli za ofisini kwanza, waondoke saa kumi na moja, lakini kuna karani mmoja huko Dodoma anawazuia kwa ajili ya ng'ombe. "Ng'ombe, kaka! Karne hii!" Nikaliona tonge hilo limeshakatwa, kazi yangu ni kumeza. Jumapili iliyofuata niliandika safu nzima juu ya mzee na uzi wake. Niliandika kwamba nchi inayohesabu ng'ombe katika safari za ndege haitafika karne ijayo. Niliandika kwamba huko duniani watu wanapima kwa kompyuta, sisi tunapima kwa kamba ya fundi viatu. Loh, watu walicheka! Nilipigiwa simu na watu nisiowajua kunipongeza. Meneja aliikata ile safu akaibandika ofisini kwake, na nasikia mkubwa mmoja aliisoma kwa sauti kwenye kikao.

Baada ya wiki chache dakika zile zilifutwa ubaoni. Ratiba mpya ya kampuni ikatoka kwa rangi mbili: Dar es Salaam hadi Dodoma, saa moja na dakika ishirini, kuondoka saa kumi na moja kamili. Na orodha ya watumishi wa kupunguzwa kazini ilipopita miezi michache mbele, jina lake lilikuwamo. Sitasema kwamba ni mimi niliyeliandika. Kalamu zilikuwa nyingi siku hizo, na walipunguzwa watu waliokuwa hawajatajwa na gazeti lolote. Lakini najua yangu ilikuwa mojawapo. Nilikutana naye nje ya soko la Dodoma, amebeba mfuko wa mtama, nikatamani ardhi ipasuke. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Umeandika vizuri. Watu wamecheka sana. Ila hukuniuliza ng'ombe wanapita saa ngapi." Akaniaga akaenda zake nyumbani Ipagala kwa miguu, na mimi nikajiambia kwamba wazee hawapendi mabadiliko.

Sasa nifike nisipopenda kufika. Mwaka uliofuata, katikati ya Bunge la bajeti, dada yangu alinipigia simu kutoka hospitali ya Mvumi, nje kidogo ya Dodoma, ambako mama yetu alikuwa amelazwa. Dada yangu si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Mama anakuulizia. Njoo leo, usingoje kesho." Nikakimbilia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam nikapata kiti cha mwisho. Saa kumi kamili nilikuwa nimeketi pale na abiria wengine wanne, ndege iko mbele yetu, rubani anakunywa soda chini ya bawa. Tungeondoka dakika ile tungefika mchana kweupe. Lakini ratiba ilisema saa kumi na moja, na kuna mkubwa alikuwa bado yuko ofisini kwake anasaini barua. Nikamwendea rubani nikamwambia mama yangu ni mgonjwa. Akaniambia, "Pole sana kaka, mimi naendesha tu, saa wanapanga wao." Nikarudi kuketi. Kwenye ukuta nyuma ya karani wa tiketi ilikuwa imebandikwa safu yangu, pembeni imekunjamana kidogo, na picha yangu juu yake inatabasamu. Nilikaa chini ya picha hiyo saa nzima na sikuelewa kitu. Tuliruka saa kumi na moja na dakika tano.

Upepo ulitusukuma mgongoni kama mzee alivyosema, ila wingu la milima ya Uluguru lilituzungusha kidogo, na tulipoanza kuona majabali ya Dodoma jua lilikuwa linagusa ardhi. Mkubwa alikuwa amelala. Mimi nilikuwa nimebana uso kwenye kioo. Nikauona uwanja, na juu ya njia ya kurukia nikaona madoa meupe na mekundu yanakwenda taratibu, mengi, kama maharage yaliyomwagwa. Rubani alitukana kwa mnong'ono akapita chini. Madoa yakatawanyika, nusu yakakimbilia kulia, nusu yakafuata njia ile ile ya kurukia kwenda mbele. Akazunguka. Tuliporudi mara ya pili nikamwona mtu. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, ameipandisha kwa mkono mmoja mpaka magotini, anakimbia katikati ya njia akipunga kofia, anawaswaga ng'ombe peke yake. Alikuwa anakimbia vibaya, kama mtu ambaye goti lake moja haliko naye. Upande mmoja ulisafika. Upande wa pili wakabaki ng'ombe watatu na ndama, nao wakasimama kututazama. Tukapanda tena. Tulipozunguka mara ya tatu, chini kulikuwa kijivu tu, taa za koroboi zimeanza kuonekana Ipagala, na yule mtu nilimwona kwa sababu ya kanzu. Rubani akasema, "Siwezi. Tunarudi." Nikampigia kelele kwamba mama yangu yuko Mvumi, ni hapo tu, namwona karibu. Akanijibu bila kugeuka, "Kaka, nikitua juu ya ng'ombe, utamfikia nani?" Akageuza pua ya ndege kuelekea Dar es Salaam, na upepo ukaanza kutupiga usoni.

Kesho yake asubuhi nilitua Dodoma saa tatu. Dada yangu alikuwa amesimama nje, amejifunga kanga kiunoni na nyingine amejitanda kichwani, na sikuhitaji kuuliza. Mama alikuwa amekwenda alfajiri. Njiani kuelekea Mvumi, ndani ya gari la mtu wa kanisani, dada alinieleza jambo ambalo mpaka leo linanitoa usingizini. Jioni ile ilikuwa tulivu na mama aliisikia ndege ikipita kwa mbali. Akasema, "Niinueni mto, mwanangu amefika." Wakamwinua. Akaomba na uso wake upanguswe. Baada ya muda ndege ikasikika tena, inarudi ilikotoka. Mama akauliza, "Mbona inaondoka?" Dada akamdanganya kwamba hiyo ni nyingine. Baadaye mama aliomba mto ushushwe.

Siku ya mazishi, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba yetu, niliona mzee wa kanzu anaingia uani akichechemea na fimbo. Akawasalimu wazee wa upande wetu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakampisha kiti. Nilimfuata. Nikampa shikamoo, akaishika mikono yangu yote miwili. Nilijua, lakini nilitaka asiwe yeye. Nikamwuliza, "Mzee, ulikuwa wewe pale uwanjani?" Akasema kila jioni huwa anakwenda, kwa sababu tangu ratiba ibadilike hana amani, na siku ile jamaa aliyemwachia redio ya upepo pale uwanjani alikuwa amemweleza nani yumo ndani na anakwenda kwa nani. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii. "Nisamehe, mwanangu. Ningekuwa na miguu ya zamani ungetua." Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Na mimi, mtu wa maneno, mtu wa ulimi mkali, niliiachia tu mikono yake. Watu wakaniita kwenda kaburini, nikaenda. Niliporudi alikwisha kuondoka, ameomba lifti ya lori la mpunga kutoka upande wa Bahi, na hata chakula hakuonja.

Nilijiambia nitaandika. Jumapili inayofuata, nilisema, nitasahihisha ile safu, niwaambie wasomaji kwamba mzee alikuwa na haki. Jumapili ikaja, nikaandika juu ya sukari. Iliyofuata nikaandika juu ya ubinafsishaji, na wengi wenu mliikata mkaihifadhi. Nikapata sababu nyingi: nitaonekana nalia mbele za watu, kampuni yenyewe imeshakufa, dakika zenyewe zimerudishwa kimyakimya, wasomaji wamesahau. Wasomaji mlikuwa mmesahau kweli. Ndiyo starehe ya kazi hii, kwamba unaweza kumkata mtu Jumapili na ikifika Jumatano mnafungia nyama gazeti hilo hilo. Nimeandika safu nyingi tangu hapo kuhusu viongozi wasiojua kukiri makosa, na nilizisaini zote bila haya.

Nikitazama nyuma naona ndivyo tulivyoishi miaka ile. Tuliahidiwa mwendo, na mwendo ni kitu kizuri, hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni ya sabuni. Lakini kila tulipotaka kitu kiwe kifupi, tulianza kwa kumkata yule ambaye kazi yake ilikuwa kutuambia kinachokirefusha. Mkaguzi aliyechelewesha basi kwa sababu ya tairi, tulimwita mla rushwa. Muuguzi aliyesema dawa hii haitoshi, tulimwita mvivu. Wengine walikuwa wala rushwa na wavivu kweli, sikatai, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuwaweka wote kapu moja. Tukabaki na ratiba nzuri za rangi mbili na watu wa tai wa kuzisoma. Ng'ombe hawakusoma ratiba. Waliendelea kupita saa zao.

Jumanne ndege ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka, kwa hiyo nilipanda basi. Nilifika Ipagala watu wanarudi kutoka makaburini, kanzu zimepauka vumbi, wananawa mikono kwenye ndoo. Mara ya pili katika maisha yangu nafika Dodoma nimechelewa. Yule binti aliyenipigia simu ni mwalimu, mtu mzima sasa, ana macho ya baba yake. Alinipa kahawa na kaimati, akanikaribisha chumbani kwa marehemu. Ramani ile ilikuwa ukutani, waliokipangua chumba chake kule uwanjani waliitupa naye akaichukua, na uzi unaning'inia kwenye msumari. Chini ya kitanda kulikuwa na magazeti yetu, marundo na marundo, yamepangwa kwa tarehe. "Alikuwa analinunua kila Jumapili," binti alisema. "Anafungua ukurasa wako kwanza. Anausoma wote, mpaka mwisho, kisha ananiambia neno moja tu." Nikamwuliza ni neno gani, na nikajuta kabla hajajibu. "Bado. Alikuwa anasema, bado. Halafu analikunja vizuri analiweka hapo." Nikamwuliza kama mzee alikuwa na hasira nami. Akashangaa. "Hasira ya nini? Alisema mwandishi ni mtu wa kazi nyingi, atafika. Ndiyo maana akasema upigiwe simu, asije akafika mtu kumbe mwenyewe hayupo." Sikumbuki nilimuaga vipi. Nakumbuka nililia barabarani jioni ile na watu wa Ipagala wakinipa pole wakidhani mimi ni ndugu.

Basi wasomaji, haya ni masahihisho. Miaka kadhaa iliyopita niliandika hapa kwamba safari ya ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni saa moja na dakika ishirini, na kwamba karani aliyesema vinginevyo alikuwa anairudisha nchi nyuma. Hiyo si kweli. Safari hiyo ni saa moja na dakika hamsini, ng'ombe wakiwamo. Karani alipima sawasawa. Mimi sikumwuliza, nilimcheka, na kicheko changu kikamfutia ubao na kikanichelewesha kwa mama yangu. Majuto ni mjukuu, walisema waliotutangulia, na wangu sasa amekuwa mtu mzima. Funzo ninalolipata ni dogo na halinipendezi: kumkosea mtu mbele ya watu huchukua asubuhi moja, na kumrudishia heshima yake mbele ya watu hao hao huchukua asubuhi moja pia, ila ile ya pili tunaiahirisha tukitegemea maisha marefu, yetu na yake. Mwenye neno la kusahihisha alisahihishe wiki hii, mwenye kuandikiwa akiwa bado ana macho. Jumapili zote zile alilifungua gazeti hakulikuta neno lake. Leo limo, na yeye hayupo.